Natafuta nahodha kama Picard, baba anamtaka binamu

Shangazi, shikamoo. Assalaam alaikum.

Nina miaka 31, naishi Ngamiani hapa Tanga, na kazi yangu ni uhasibu katika ofisi moja Chumbageni. Baba yangu ana boti ya dagaa inayotia nanga Deep Sea. Tangu alipopata kiharusi, mkono wake wa kulia hauna nguvu, na mimi ndiye ninayeshika daftari la boti: mafuta, barafu, matengenezo ya mashine, mgao wa mabaharia. Kaka yangu ni baharia wa meli za nje na hurudi mara chache, kwa hiyo mambo ya nyumbani yote yananitazama mimi.

Nahodha wetu, ambaye amekuwa na baba tangu sijaanza shule, amesema macho yake hayamruhusu tena kazi ya usiku. Ataondoka kaskazi hii ikiisha. Baba akaniita, akasema, "Wewe ndiye unayelipa, kwa hiyo chagua wewe." Kabla sijafungua mdomo akaongeza kwamba yeye angemweka binamu yangu.

Wanaofaa ni wawili. Binamu yangu, mtoto wa baba mkubwa, ndiye mshika mashine. Ni mtu wa makamo, bahari anaijua, na haongei ila kwa amri. Akifoka, pwani yote inasikia. Lakini kuna usiku mmoja boti ikirudi, upepo uligeuka ghafla nje ya kisiwa cha Karange na maji yakaanza kuingia. Nahodha alisitasita. Binamu alimwondoa kwenye usukani bila kuomba, akaamuru nyavu zitoswe baharini kupunguza uzito, akawafikisha watu wote salama. Nyavu ile ilitugharimu fedha nyingi sana. Baba alisema alhamdulillahi tu, akaenda kukopa.

Wa pili ni kijana kutoka Pemba anayesimamia nyavu. Yuko nasi miaka minane. Kabla ya kushua hukaa na wenzake mchangani, akawauliza mmoja mmoja: dagaa walionekana wapi jana, maji yanakwendaje, nani hajisikii vizuri. Hata mtoto anayefua maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya boti, huulizwa. Mabaharia wanampenda waziwazi. Ila nahodha alipougua, kijana huyu aliongoza kwa siku mbili tatu, na kila siku walichelewa kutoka kwa sababu ya mashauriano, huku wakibishana waende Yambe au watoke nje zaidi kwenye mkondo wa Pemba. Walipofika, boti nyingine zilikuwa zimeshazungusha nyavu. Daftari ninalo mimi, na hesabu za siku zile si nzuri.

Baba anasema kijana ni mwema, lakini kwao ni ng'ambo. Siku akiitwa kwao ataondoka na siri za maji yetu, na ukoo wa baba mkubwa utatuuliza kwa nini tumemruka mtoto wa nyumbani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu. Kaka aliniletea diski yenye tamthilia nzima ya Star Trek: The Next Generation, ile ya Marekani iliyorushwa kuanzia 1987 hadi 1994, vipindi 178. Nilianza kuitazama usiku nikimwuguza baba. Kwa wasomaji wako wasioijua, ni habari ya chombo cha anga kiitwacho Enterprise, karne ya 24, chenye watu zaidi ya elfu moja, familia na watoto wakiwemo, kinachozunguka kati ya nyota kuchunguza sayari na kupatanisha mataifa. Nahodha wake ni Jean-Luc Picard, Mfaransa katika hadithi, ingawa mwigizaji wake Patrick Stewart ni Mwingereza.

Shangazi, sijawahi kumwona kiongozi wa namna ile, si shuleni, si ofisini, si mtaani kwetu. Likitokea jambo huwaita wakuu wake kwenye meza ndefu na kumsikiliza kila mmoja, hata Data ambaye ni roboti mwenye umbo la mtu, hata Worf ambaye watu wa asili yake walikuwa maadui. Katika kipindi kimoja cha mwaka 1989 mwanasayansi anataka kumfungua Data vipande vipande kama mali ya jeshi lao, na Picard anasimama mbele ya hakimu kutetea kwamba Data hamilikiwi na mtu. Nililia. Katika kingine cha 1991 anakutana na watu wanaosema kwa mafumbo ya hadithi zao za kale tu, hakuna anayewaelewa, naye anavumilia porini na nahodha wao, hatari imewazunguka, mpaka anaanza kushika maana. Hafoki. Hamdhalilishi mtu.

Tangu hapo, kila nikimwona mtu akiamrisha kwa ukali, moyo wangu unasema huyu si kiongozi. Na nikimtazama kijana wetu wa nyavu amekaa mchangani na wenzake, namwona Picard.

Je, ninapotoka kwa kuwapima watu wa kweli kwa mtu wa kubuni? Nimfuate baba, au nifuate moyo? Na nikiufuata moyo, nimwambie baba mawazo haya nimeyatoa wapi? Yeye filamu anaziita mchezo wa watoto.

Binti wa Ngamiani, Tanga


SHANGAZI ANAJIBU

Wa alaikum salaam, marahaba mwanangu. Pole kwa kumwuguza mzazi, na pole zaidi kwa kuwa mwuguzi, karani na sasa mteuzi kwa pamoja. Mwenyezi Mungu ampe baba nafuu.

Nianze na swali lako la kwanza, maana naona limekutia haya, na haya hiyo haina sababu. Watu wa pwani tumelelewa na hadithi. Tumejifunza ujasiri na hila na subira kwa watu ambao hawakuwahi kuishi, tukiwa tumekaa mkekani kwa bibi. Mtu aliyebuniwa vizuri anaweza kukuonyesha kitu ambacho watu wanaokuzunguka hawajakuonyesha, na wewe unasema wazi kwamba hukuwahi kuona mkubwa anayesikiliza. Sasa umeona kwamba inawezekana. Hilo usilirudishe.

Mimi pia ni mpenzi wa Picard, wa siku nyingi. Kwa hiyo nitazungumza nawe kama mtu anayemjua, na nitakuomba tumtazame tena pamoja, polepole, kwa sababu nadhani kuna sehemu yake uliyoipenda ambayo imefunika sehemu nyingine.

Uliyoipenda ni sauti. Utulivu, adabu, meza ndefu. Lakini kumbuka mikutano ile inavyokwisha. Picard anauliza, wanamjibu, wawili wanapingana, anauliza swali moja zaidi, halafu anaamua. Akishaamua, wanainuka. Hasubiri wote wakubaliane, na mara nyingine anaamua kinyume na walichoshauri walio wengi. Na chombo kinaposhambuliwa, taa nyekundu zikiwaka, hakuna mkutano. Anakaa kwenye kiti chake na kutoa amri fupi fupi, na hakuna anayeuliza kwa nini. Kwa hiyo usiku ule wa Karange, mwanangu, kati ya watu wote waliokuwa ndani ya boti ya baba, aliyefanana na Picard alikuwa nani?

Nauliza kwa dhati, sikutegi. Inawezekana kabisa jibu lako ni kwamba hata katika hatari Picard asingemwondoa mzee kwenye usukani kwa namna ile, na utakuwa na hoja. Lakini naona umegawa sifa za mtu mmoja kwa watu wawili, ukampa jina zima yule aliyepata nusu inayokuvutia. Kijana wa nyavu anajua kufungua mazungumzo. Binamu anajua kuyafunga.

Jambo la pili ni wino. Picard ana waandishi. Akisubiri, wao wanahakikisha subira inalipa. Akimwamini adui, adui anageuka kuwa na heshima. Bahari haina mwandishi. Tena katika ulimwengu wake, kama yeye mwenyewe anavyosema katika filamu ya 1996, watu hawafanyi kazi ili kujikusanyia mali. Hakuna anayemwuliza Picard fedha za mafuta. Mabaharia wenu wanaishi kwa mgao, dagaa huvuliwa kwa taa katika giza, yaani usiku usio na mbalamwezi, na giza halikai mwezi mzima. Mbalamwezi ikitoka, boti inalala. Usiku mmoja uliopotea kwa mashauriano ni unga uliopungua katika nyumba ya baharia, na wewe ndiye unayeiona hesabu hiyo kwenye daftari. Nashukuru kwamba uliiandika bila kuificha, ingawa inampunguzia sifa unayempenda.

Sasa niseme kitu ambacho kimenikaa sana tangu nilipoisoma barua yako. Enterprise umeingia mpaka vyumbani. Umemwona Picard akiwa peke yake, umemwona akilia kwenye shamba la mizabibu la kaka yake baada ya kutekwa na Borg, wale maadui nusu watu nusu mashine, unajua anakunywa chai gani. Lakini boti ya baba yako unaijua kutoka ufukweni. Unamjua binamu kwa kufoka kwake mnapokutana pwani, na kijana kwa mikutano yake ya mchangani, kwa sababu hayo yote yanatokea unakoweza kuyaona. Yanayotokea saa nane usiku, taa zimewashwa, samaki wamekusanyika na mtu mmoja amechoka mpaka mikono inatetemeka, hujayaona, na sidhani kama mila za kwetu zitakuruhusu kirahisi kwenda kuyaona. Umesema mabaharia wanampenda kijana. Je, na binamu wanamchukia? Hukuandika. Wanamwogopa? Hukuandika pia. Umeandika tu kwamba anafoka.

Yuko mtu mmoja anayewajua wote wawili kwa usiku, naye hayumo kwenye shauri lako. Nahodha mzee. Barua nzima inazungumzia nafasi yake, macho yake na kuondoka kwake, na hakuna mahali uliposema umemwuliza. Pengine unaona haya kwa ajili ya ule usiku wa Karange. Pengine unadhani atamtetea mmoja kwa sababu zake. Hata hivyo, mtu aliyenyang'anywa usukani mbele ya watu wake na bado akaendelea kufanya kazi na aliyemnyang'anya ana neno la kusema juu ya mtu huyo, liwe la uchungu au la shukrani. Mimi ningetamani sana kulisikia.

Kuna visa vya tamthilia yenyewe ambavyo hukuvitaja, na naomba uvirudie kabla hujaamua, kwa kuwa vinaligusa jambo lako kuliko vile vilivyokuliza.

Kimoja ni kile cha Desemba 1992, cha sehemu mbili, ambapo Picard anatumwa kazi ya siri na Enterprise inapewa nahodha mwingine, Jellico. Nina hakika ulimchukia. Anaingia na amri, anabadilisha zamu kutoka tatu hadi nne bila kutaka kusikia, anaamuru hata samaki wa Picard aondolewe kwenye tangi lake ofisini. Riker, msaidizi wa nahodha, anabishana naye mpaka anavuliwa cheo. Lakini fuatilia mpaka mwisho: mpango wa Jellico unafanikiwa, adui anarudi nyuma, na Picard, aliyekuwa ametekwa katika kazi ile ya siri, anarudishwa hai. Wapenzi wa tamthilia hii wamebishana juu ya Jellico kwa miaka mingi, na wengi wanakubali kwamba kazi aliyopewa aliijua. Ninachokiona mimi ni mahali palipomgharimu. Mpango wake unamhitaji rubani hodari kuliko wote, na rubani huyo ni Riker aliyemfukuza. Inabidi nahodha mwenyewe atembee mpaka mlangoni kwake na kuomba, kwa maana kazi ile hakutaka kumwamuru mtu kuifanya. Ukimfikiria binamu, jiulize kama ni mtu anayeweza kutembea mpaka mlango huo. Wako wakali wanaoweza. Ukali peke yake haukuambii.

Kingine ni cha 1991, kile ambacho kijana mmoja wa idara ya tiba anashukiwa kuwa haini, na shaka inazidi inapogundulika kwamba babu yake alitoka upande wa maadui. Watu wazima wenye vyeo wanageuka mahakama ya uvumi, na Picard anasimama dhidi yao, mwishowe akiwa yeye mwenyewe anahojiwa. Nimekikumbuka niliposoma maneno ya baba kwamba kijana "kwao ni ng'ambo". Simlaumu baba. Maji ya kuvulia ni siri za familia, na hofu ya kuzipoteza ni hofu halali ya mwenye chombo. Ila miaka minane ni mingi, na kati ya Tanga na Pemba watu wameoana, wamezikana na wamefanyiana biashara tangu kabla ya babu zetu. Unaweza kumwuliza baba kwa upole: katika miaka hii minane, kijana amewahi kuvujisha nini? Kama kuna jibu, ulijue. Kama hakuna, baba naye atasikia kwamba hakuna.

Sasa chaguo zako, kwa kadiri ninavyoziona.

Ukimweka binamu, utakuwa umemtii baba, ukoo utatulia, na usiku wa hatari utalala ukijua nani ameshika usukani. Hatari yake iko polepole. Mkubwa anayefoka hunyamazisha watu, na baharini mtu akinyamaza kwa woga, aliyeona mwamba kwanza anaweza kuogopa kusema. Tena yeye ni ndugu. Akikosea, kumwondoa kutakuwa kesi ya familia yenye kikao na wazee, na aliyeshika daftari ni wewe, binti, mdogo wake. Jiulize kama atapokea hesabu kutoka kwako bila kuona amevunjiwa heshima.

Ukimweka kijana, utakuwa na boti ambayo watu wanaipenda, na mabaharia wanaopendana hawahami kirahisi. Lakini siku za kwanza samaki watapungua, baba atalihesabu hilo, na binamu huenda akaondoka na mashine ikabaki bila mtu wa kuijua. Kijana mwenyewe ataanza akiwa na deni la kuthibitisha kwamba hakupewa kwa upendeleo wa binti wa tajiri. Hilo la mwisho pwani watalisema, unajua watalisema, na litamwumiza yeye kuliko wewe.

Najua unafikiria pia kuwaweka wote wawili, huyu mambo ya watu, yule mambo ya chombo. Wazee wetu walishaonya kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama, na hapa nakubaliana nao bila shaka yoyote. Mmoja lazima awe na neno la mwisho. Ila kuna njia iliyo karibu na hiyo ambayo ni tofauti kabisa: nahodha mmoja, na msaidizi anayejulikana na wote kwamba ana haki ya kumkatalia nahodha. Hapo swali linageuka. Badala ya kuuliza nani aongoze, unauliza nani kati yao anaweza kukaa chini ya mwenzake na bado akasema kweli. Unaweza kukuta jibu la swali hili linakuja haraka kuliko la lile la kwanza. Hatari yake ni kwamba mpango huu unasimama juu ya watu wawili kuheshimiana, na sijui kama hawa wanaheshimiana. Nahodha mzee anajua.

Njia nyingine ni majaribio, giza moja kwa mmoja, giza jingine kwa mwingine, nahodha mzee akiwa bado yupo. Inavutia, lakini itazame vizuri. Giza moja linaweza kuwa na samaki na jingine lisiwe nao kwa sababu za Mungu tu, na ninyi mkadhani mmepima watu kumbe mmepima bahari. Tena mabaharia watagawanyika kambi mbili wakishindana. Mkiamua kujaribu, basi msipime ndoo peke yake. Pimeni walitoka saa ngapi, nani alisema nini, na nani alinyamaza.

Nimeacha kwa makusudi jambo ninaloliona kuwa moyo wa uongozi wa Picard. Liko katika kipindi cha kwanza kabisa, cha 1987, na ni rahisi kulipita. Riker ndiyo kwanza anafika kwenye chombo. Picard amesoma faili lake, na anamwuliza juu ya tukio moja: Riker aliwahi kumkatalia nahodha wake wa zamani asishuke kwenye sayari fulani. Picard anamkazia macho na kumwuliza kama cheo cha nahodha hakina maana kwake. Riker anajibu kwamba cheo anakiheshimu, lakini uhai wa nahodha una uzito zaidi kwake. Na Picard, ambaye alikuwa ameshalijua tukio hilo kutoka kwenye faili, ndiye msaidizi aliyemtaka. Kisha katika mazungumzo hayo hayo anamweleza udhaifu wake, kwamba hawawezi watoto na chombo chake kimejaa watoto, na anamwomba amsaidie asiaibike.

Hebu lifikirie hilo. Nahodha anayesifiwa kwa kusikiliza hakuanza kwa kuwa na masikio mazuri. Alianza kwa kumweka karibu mtu atakayemwambia hapana, na akamwonyesha mahali pa kumkamatia. Meza ndefu ilikuja baadaye. Binamu na kijana, kila mmoja kwa wakati wake, wangeweza kuulizwa na wewe swali la namna hiyo: mara ya mwisho mtu kukukatalia ndani ya boti ilikuwa lini, na ulifanya nini? Jambo gani la kazi hii hulimudu vizuri? Usiwaambie jibu unalolitafuta. Sikiliza nani anakasirika, nani anacheka, nani anafikiri kwanza. Anayesema "hakuna aliyewahi kunikatalia" huenda ni mkali mno, au huenda ni mpole mno kiasi kwamba hajawahi kuamua jambo lililomuudhi mtu.

Na wewe mwenyewe, binti yangu? Baba amekuambia uchague, kisha akakuambia jibu. Umenyamaza. Moyoni una jibu lako, na hilo nalo umelinyamazia. Kwa sasa katika nyumba yenu hakuna meza ndefu, kuna mzee mgonjwa mwenye hofu na binti mwenye mapenzi, kila mmoja anabashiri ya mwenzake. Umedhani baba anamtaka binamu kwa sababu ya ukoo. Huenda ni kweli. Lakini huyu ni mtu aliyepoteza nyavu nzima na akasema alhamdulillahi. Pengine anachokiona kwa binamu ni usiku ule tu, kwamba kuna mtu aliyejali watu kuliko mali yake, na hana maneno ya kukueleza. Hutajua mpaka umwulize, na yeye hatajua unachokiona kwa kijana mpaka umwambie.

Ndiyo maana swali lako la mwisho, la kama umwambie mawazo haya umeyatoa wapi, mimi silioni dogo. Ukimficha, utakuwa unambishia baba kwa kitu asichokijua, naye atadhani kuna jingine nyuma yake. Chagua siku ya mbalamwezi, boti imelala na yeye amepumzika. Mwite na nahodha mzee, mpikie chai. Washa kipindi kile cha kwanza, mahali Picard anapokutana na Riker peke yao, na umtafsirie baba maneno yao moja baada ya jingine. Dakika chache zinatosha, hana haja ya kuona vyombo vya anga. Kisha mwulize katika miaka yake yote baharini ni nani aliyewahi kumkatalia, na alimfanya nini mtu huyo. Nahodha mzee akiwa amekaa hapo hapo, nadhani mazungumzo yatajiendesha yenyewe, na wewe utakuwa na nafasi ya kusikiliza.

Niandikie tena kabla kaskazi haijaisha. Nataka kujua walisema nini.